Ndege ya Kivita na Wale Waliobaki Ardhini

Jina la Mwanza liliingia katika ratiba ya safari za anga za dunia mapema kuliko majina ya miji mingi ya Afrika iliyo mikubwa kuliko wetu, kwani mwishoni mwa Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila juma iliyotoka London, ikapita Misri na Sudani, na kutoka Khartoum ikaendelea kwa ndege za kutua majini hadi Ziwa Viktoria na kukomea hapa kwetu. Siku hizo ndege ilikuwa chombo cha barua na cha watu wenye mali, na aliyesikia muungurumo wake alitoka nje kutazama bila hofu yoyote. Miaka arobaini na mmoja baadaye, Septemba 1972, ndege zilitokea upande uleule wa kaskazini, zikavuka maji yaleyale, na safari hii zilikuja na mabomu. Baina ya tarehe hizo mbili ipo tarikhi ndefu ya ndege za kivita, tarikhi ambayo aghalabu husimuliwa kwa lugha za watu wengine na kupimwa kwa mizani yao, yaani nani alibuni, ndege ipi ilikwenda kasi kushinda nyingine, rubani yupi aliangusha adui wangapi. Nataka kuitazama kutoka ufuko wa Mwanza, kwa sababu naamini kwa dhati ya moyo kwamba kutoka hapa huonekana jambo ambalo watengenezaji wa ndege hizo na mashabiki wao hawapendi sana kulitaja: nguvu ya ndege ya kivita hutoka kwa watu walioko chini yake, mafundi na wapiga mizinga, wasoma rada na wachukuzi wa mafuta, na dola isiyowathamini hao yaweza kutumia hazina yake yote kununua mabawa isiambulie ulinzi.

Ushahidi wa kwanza tunao katika delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilipojificha ndani ya mikono ya mto ule mwishoni mwa 1914, Waingereza walimchukua rubani raia, H. D. Cutler, aliyekuja kutoka Afrika Kusini na ndege ya Curtiss ya kutua majini, ili awatafutie adui ambaye meli zao hazikuweza kumwona kwa sababu ya mikoko. Ndege ile, na nyingine zilizoifuata, ziliundwa kwa mbao, vitambaa na gundi kwa ajili ya hewa ya nchi za baridi. Zilipokutana na joto na unyevu wa pwani yetu gundi ikalegea, mbao zikapinda, na injini zikashindwa kuziinua kwa kimo cha kutosha. Haikufaa kitu kuwa na chombo kipya kuliko vyote duniani mahali ambapo hapakuwa na fundi wala kivuli cha kukihifadhi. Mambo yalibadilika uwanja ulipokatwa katika kisiwa cha Mafia, zikaletwa ndege za kutua ardhini za Henri Farman na Caudron, na mafundi wakapata pahala pa kuzitunza. Ndipo Julai 1915 zikaweza kuruka juu ya delta na kuzielekeza shabaha za mizinga ya meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey. Shambulio la tarehe 6 halikufaulu. Tarehe 11 rubani Cull na mwenziwe Arnold walipigwa wakiwa angani, na huku ndege yao ikishuka kuelekea mtoni waliendelea kupeleka ishara za kurekebisha shabaha, na siku hiyo Königsberg ikafikia khatima yake. Tukitaka kusema haki, ndege katika pambano lile haikuua. Iliona, na kuona kwake kulikuwa na maana kwa sababu kulikuwako mtu wa pili aliyepokea ishara na mtu wa tatu aliyeujua mzinga.

Ni mwaka huohuo wa 1915 ambapo huko Ulaya Wajerumani waliziweka katika ndege za Fokker bunduki za rasharasha zilizofungamanishwa na mwendo wa injini, hata risasi zikapita katikati ya pangaboi bila kulivunja, na hapo ndege iliyokuwa jicho ikageuka kuwa mwindaji wa ndege nyingine. Huo ndio mwanzo wa ndege ya kivita kama tunavyoielewa leo. Haukupita muda mrefu athari za mageuzi ya Ulaya zikafika katika maziwa yetu: Juni 1916 ndege za Wabelgiji za kutua majini, zilizosafirishwa vipandevipande kupitia Kongo, ziliunganishwa kando ya Ziwa Tanganyika, zikavuka kwenda kupiga bandari ya Kigoma ilikokuwa meli ya Graf von Götzen, ambayo sisi twaijua kwa jina la Liemba. Majina ya marubani wale yamehifadhiwa. Watu waliopakia masanduku yale, wakayapakua, wakayabeba, hakuna aliyejishughulisha kuandika majina yao, na upungufu huo si wa Wabelgiji peke yao.

Sitakaa sana juu ya Vita vya Pili vya Dunia, kwani Spitfire ya Waingereza na Messerschmitt ya Wajerumani zimeandikiwa vitabu vingi kupita kiasi, na kijana wa Kirumba hapa Mwanza ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuijua Spitfire kuliko kujua kilichotokea katika daraja la Kyaka, mkoani Kagera. Lakini nasaba moja ya ndege yafaa kufuatiliwa kwa makini, maana ndiyo iliyokuja kukutana nasi. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliiuzia Urusi ya Kisovieti injini za jeti za Rolls-Royce zilizoitwa Nene, na wahandisi wa Kisovieti, baada ya kuzichunguza na kuziiga, wakaunda ndege ya MiG-15, iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 1947 na kuwashtua Wamarekani katika anga la Korea miaka mitatu baadaye. Kutokana nayo ikaja MiG-17, kisha MiG-19 iliyoipita sauti kwa mwendo, kisha MiG-21 yenye kasi ya mara mbili ya sauti, ambazo zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na sidhani iko ndege nyingine ya kivita ya kupita kasi ya sauti iliyoenea katika nchi nyingi kama hiyo. China nayo ikaziunda ndege za nasaba ileile katika viwanda vyake, na Tanzania, iliyopokea msaada wa China katika kuunda jeshi lake la anga, ikapata ndege hizo, ikapeleka vijana wake kujifunza huko, na ikawa na kituo chake kikubwa Ngerengere mkoani Morogoro. Uganda ilichukua MiG zake moja kwa moja kutoka kwa Wasovieti. Hivyo nchi mbili zinazogawana ziwa moja zikajikuta zimejihami kwa silaha za asili moja, ambazo hakuna hata moja kati yao iliyoweza kutengeneza msumari wake.

Ukweli huo wa mwisho ndio ninaomba msomaji aushike, kwa sababu bila huo hayataeleweka yaliyotokea baadaye.

Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, ambaye Idi Amin alikuwa amempindua Januari 1971, waliingia Uganda kutoka ardhi ya Tanzania. Sehemu ya mpango wao ilitegemea ndege ya abiria ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ambayo ingechukuliwa Dar es Salaam, ikapakie wapiganaji Kilimanjaro na kuwashusha Entebbe kwa ghafla. Lakini aliyepewa kazi ya kuirusha hakuwa na ujuzi uliotosha, magurudumu yakapasuka ilipotua Kilimanjaro, na hujuma nzima ya Entebbe ikafia pale kwenye njia ya kurukia. Amin alijibu kwa kuzituma ndege zake juu ya Bukoba na juu ya Mwanza. Mapatano yaliyofikiwa Mogadishu tarehe 5 Oktoba mwaka huo yalizima moto ule, hata hivyo wakazi wa miji hii miwili walikuwa wamekwisha kuonja maana ya kuwa jirani wa mtu mwenye jeti na asiye na subira. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba ulinzi wa anga ni jambo la Dar es Salaam tu.

Oktoba 1978 zikaja tena. MiG za Uganda ziliishambulia Bukoba mara ya kwanza tarehe 18, na mabomu yale, ingawa hayakuharibu mengi, yalivunja madirisha na kuwatia watu fadhaa kubwa. Zikarudi tarehe 27, na wakazi wengi wakaukimbia mji. Siku chache baadaye askari wa Amin wakavuka mpaka, wakalishika eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa ni mali ya Uganda. Hapo likazuka swali la daraja la Kyaka, ambalo ndilo lingewavusha wanajeshi wetu watakapokwenda kuikomboa ardhi yao. Ndege za Amin, zenye kasi ya ajabu na zilizogharimu fedha ambazo Waganda walizihitaji kwa dawa na vitabu, zilijaribu kulivunja daraja lile kwa mabomu zikashindwa. Daraja lilivunjwa tarehe 3 Novemba na fundi wa migodi ya shaba ya Kilembe, aliyelitegea baruti. Kila nisikiapo watu wakibishana juu ya aina gani ya ndege ni bora kuliko nyingine, hukumbuka kwamba katika vita pekee ambavyo taifa letu limepigana na jirani yake, kazi iliyozishinda jeti ilitimizwa na fundi wa migodi.

Upande wetu haukusalimika na somo hilohilo, na kwetu lilikuja kwa msiba. Siku hizohizo za mwanzo wa Novemba, ndege tatu za Jeshi la Wananchi ziliruka juu ya askari wetu waliokuwa chini, ambao tangu Oktoba walikuwa hawajaona kinachotoka angani isipokuwa adui, wakadhani ni za Amin, wakazidungua. Silitaji jambo hili ili kuwalaumu wale waliovuta vifyatulio, kwani walifanya walivyofunzwa na macho yao yaliona walichoweza kuona. Ninalitaja kwa sababu marubani waliokufa siku ile hawakuuawa na upungufu wa ndege wala wa ushujaa. Walikosa uzi wa mawasiliano baina ya anga na ardhi, jambo ambalo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya jeti moja, na ambalo halionekani kabisa katika gwaride.

Yaliyofuata ni ushahidi wa nguvu za nchi kavu. Baada ya Mwalimu Nyerere kulihutubia taifa tarehe 2 Novemba, Waziri Mkuu Edward Sokoine alisimamia kukusanya rasilimali za mikoa yote, malori na mabasi ya raia yakaingia katika msafara, na jeshi lisilofika askari 40,000 likapanuka kwa majuma machache hadi kupita 150,000, wakiwamo mgambo kwa makumi ya maelfu. Wahandisi wakaweka daraja la muda mahali pa lile lililovunjwa. Vijana waliobeba makombora ya begani ya Kisovieti walijifunza kusubiri hadi jeti ya adui imekwisha kupita na kuonyesha mgongo wenye joto la injini, na kwa kadiri yalivyoongezeka mafunzo na hadhari ndivyo MiG za Amin zilivyopungua, mpaka jeshi la anga lililotishia Bukoba likawa halina tena cha kutisha nacho. Mshindani wa kweli wa jeti alikuwa mtu aliyejificha kichakani, ambaye labda miezi michache kabla alikuwa akilima pamba Kwimba au akivua sato Ukerewe.

Mji wa Mwanza ulikuwa na nafasi yake katika vita vile, nafasi iliyotokana na reli zaidi kuliko na uwanja wa ndege. Tangu 1928, reli kutoka Tabora ilipofika hapa, mizigo mingi iliyokwenda ng'ambo ya ziwa ilipita katika bandari yetu, na mafuta ya petroli yalihifadhiwa hapa kabla ya kuelekea kwingine. Adui alilijua hilo vizuri. Machi 1979, jeshi letu lilipokuwa limekwisha kuingia ndani ya Uganda, Kanali Gaddafi wa Libya, mshirika wa Amin, alimpa Mwalimu saa ishirini na nne aondoe majeshi yake, na Mwalimu akakataa hadharani redioni. Ndipo tarehe 29 Machi ndege ya Tupolev Tu-22 ya Libya, ambayo si ya kupambana angani bali ni ya kubeba mabomu, na ambayo mwendo wake uliipita sauti, ilikuja kutafuta ghala la mafuta la Mwanza. Iliikosa shabaha yake kabisa. Silaha zake ziliangukia katika hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, zikaua swala waliohamishiwa pale ili watoto wa mji huu wapate kuwaona, kwani kisiwa hicho, kilichochukua jina la mzee aliyekimiliki hapo kwanza, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza katika nchi yetu. Ndege zetu zikajibu kwa kuyapiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo.

Naomba tutafakari shabaha hizo kwa pamoja. Walibya hawakuja kuzitafuta ndege zetu; walitafuta mafuta. Na sisi hatukwenda kuzitafuta zao, tulitafuta mafuta. Pande zote mbili, katika saa ya kweli, zilikubaliana bila kuzungumza kwamba uhai wa vita uko katika matangi, mabomba, mabehewa na mikono ya watu wanaoyaendesha. Wiki moja na ushei baadaye, tarehe 7 Aprili, Jeshi la Wananchi liliutwaa uwanja wa Entebbe, uwanja uleule ambapo Julai 1976 makomando wa Israeli walikuwa wameziteketeza baadhi ya MiG za Amin zikiwa zimeegeshwa, na hapo askari wetu wakazikuta nyingine zimesimama, zimeachwa na waliopaswa kuzirusha. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Silaha iliyonunuliwa kwa jasho la umma mzima ilimalizika kuwa ngawira ya askari waliokuja kwa miguu kutoka mpakani Mutukula, na ikahesabiwa miongoni mwa mali zilizotekwa.

Tangu hapo teknolojia imekwenda mbali. Leo kuna ndege zinazojificha machoni mwa rada, na vita vya Ukraine vimeonyesha kwamba hata ndege ndogo isiyo na rubani, ya bei ndogo, yaweza kuharibu silaha yenye thamani ya mara elfu yake. Hata hivyo sioni kwamba hoja imebadilika. Naona imetiwa nguvu. Februari 2015 ndege ya kivita ya jeshi letu ilianguka hapahapa uwanja wa Mwanza wakati wa kuruka, baada ya ndege wa porini kuingia katika injini yake, na rubani akajirusha akasalimika. Uwanja wetu uko kandokando ya ziwa, nalo limejaa furukombe, korongo na mnandi, na kwa hiyo mlinzi anayewafukuza ndege hao alfajiri kabla ya mazoezi ni sehemu ya ulinzi wa taifa sawa na kombora lililofungwa chini ya bawa, ijapokuwa hatujapata kusikia akipewa nishani.

Katika sherehe za Uhuru jeti zinapopita juu ya uwanja, umati hushangilia, nami sioni aibu katika furaha hiyo, maana taifa lina haki ya kuufurahia ushujaa wa watoto wake. Ninachodai ni kwamba raia, na hasa wabunge wanaoidhinisha fedha za ulinzi kwa niaba yetu, wasiridhike na idadi ya ndege. Yapo maswali yanayoweza kuulizwa bila kufichua siri yoyote ya jeshi: kila rubani hupata saa ngapi za kuruka kwa mwaka, kila ndege ina mafundi wangapi waliofuzu, vipuri vinatoka wapi na muuzaji akigeuka vitatoka wapi, na wapiga mizinga wa ardhini hukutana na marubani mara ngapi kufanya mazoezi pamoja ili yasirudiwe ya Novemba 1978. Ndege isiyo na majibu ya maswali hayo haipaswi kununuliwa, hata ikitolewa kwa mkopo wenye masharti mepesi, na heri fedha hizo ziende kwenye karakana, kwenye rada, na kwenye vyuo vya ufundi vya kanda hii, ambako vijana wengi wenye akili za hesabu huishia kutengeneza pikipiki kwa kukosa mlango wa kuingilia katika ufundi wa anga.

Liko na dai la pili ambalo haligharimu fedha za ulinzi hata kidogo. Mashujaa wetu waliofariki wamezikwa Kaboya wilayani Muleba, na magofu ya kanisa la Kyaka yangali yamesimama, lakini simulizi ya vita vya angani juu ya ziwa hili, kwa Kiswahili, kutoka vinywani mwa waliokuwa chini, bado haijakusanywa kwa kadiri inayostahili. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini alipobeba kombora begani kule Kagera sasa anaukaribia umri wa miaka sabini au ameupita, na wakuu waliomwongoza wengi wametangulia mbele ya haki. Hapa Malimbe kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho kimefundisha waandishi wa habari wa nchi hii kwa miaka mingi. Kwa nini kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asipewe kazi ya kumtafuta mzee mmoja, fundi wa ndege aliyestaafu Ilemela, mfanyakazi wa bandari aliyekuwa zamu siku ile ya Machi, mama aliyeihama Bukoba na watoto mgongoni, au mpiga mzinga aliyerudi shambani Sengerema, akamsikiliza kwa taadhima na kuyaandika maneno yake jinsi alivyoyasema? Wengi wao wako umbali wa nauli ya kivuko cha Kamanga, na wengine umbali wa usiku mmoja katika meli ya Bukoba.